Hofu, Imani na Punje Tano za Shangazi Mwanaidi

"Huyu atapima hofu? Ataipima kwa kilo au kwa debe?"

Aliyesema hivyo ni mjomba wangu Saidi, mbele ya wageni waliokuja kunisalimia siku niliyorudi Kilosa kutoka Dar es Salaam na kuwaambia nimeajiriwa kwenye utafiti wa hofu za wanakijiji. Niliondoka kijana asiye na kitu, nikarudi mtu mzima mwenye stashahada ya takwimu niliyoisoma jioni baada ya kubeba mizigo mchana kutwa, bila mkono wa mtu. Wageni walicheka. Wiki chache baadaye Daktari Eliakimu, kiongozi wa mradi wa utafiti ulioniajiri, alisema jambo lile lile kwa lugha ya kisomi. "Mzee, kupima kama kitu kimoja kisichoonekana kinabadilisha nguvu ya kitu kingine kisichoonekana, hiyo si kazi ya diploma. Wewe tuletee madodoso yaliyojazwa vizuri. Uchambuzi watafanya wenye shahada zao." Tangu siku hiyo ofisi nzima ikaniita Bwana Diploma. Hata mama aliyetuletea chai aliniuliza, "Bwana Diploma, sukari vijiko vingapi?"

Niliweza. Hilo naliandika mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nalo.

Sasa nimestaafu, na ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie kumbukumbu. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio wenu. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu hofu. Kujisifu mmenisikia miaka yote. Habari za kuogopa hamkuwahi kunisikia nikizitaja, nami niliogopa karibu kila siku.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa Rudewa, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, kuwauliza wakulima wana ekari ngapi na wafugaji wana ng'ombe wangapi. Kitu chepesi, nilidhani. Mkulima wa kwanza alimtazama mtendaji wa kijiji aliyenisindikiza, akasema ekari mbili. Nilipokuwa nafunga kalamu, jirani yake akaguna. Mfugaji wa kwanza aliniuliza, "Mimi nikuulize wewe una akiba kiasi gani benki?" Nikarudi ofisini na fomu zimejaa namba, nami nina wasiwasi kwamba hakuna hata moja ya kweli.

Mtu niliyemwendea ni Mwalimu Salome, aliyefundisha hisabati miaka mingi kabla ya kustaafu na kufungua duka la vifaa vya shule karibu na stesheni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye fomu zangu. Akazipekua zote.

"Hapa sioni nani alikuwepo," alisema.

"Alikuwepo mhojiwa, mwalimu. Na mimi."

"Na mtendaji je? Alikuwa amekaa juu ya mti?" Akachukua rula, akachora safu moja zaidi pembeni ya fomu. "Kila namba ilizaliwa mbele ya watu fulani. Waandike."

Kuanzia siku ile kila dodoso lililopita mikononi mwangu lilikuwa na safu hiyo: *Waliokuwepo wakati wa mahojiano*. Wadadisi niliowaongoza baadaye waliijaza kwa kunung'unika. Mimi niliipigania kwenye kila kikao. Kuisoma, hilo ni jambo lingine, na nitalifikia.

Zana zangu zilikuwa za kuazima. Baiskeli ilikuwa ya Mzee Chambo, fundi wa reli mstaafu, ambaye baba yake aliletwa Rudewa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. "Nakuazima," aliniambia, "usije ukasema nimekupa." Kompyuta mpakato ilikuwa ya Mwalimu Salome mwenyewe, herufi moja ilikuwa imeng'oka, nikawa naibonyeza kwa ncha ya kalamu. Vitabu vya mwongozo nilivipakua mtandaoni na kuvichapa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwa hiyo upande mmoja nilijifunza milinganyo na upande wa pili nikakumbuka mito ya Tanzania.

Hapo ndipo nilipojifunza ile kazi isiyo ya diploma. Nawaeleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Hofu haionekani. Huwezi kuishika wala kuipima kwa debe la mjomba Saidi. Kinachoonekana ni dalili zake: mtu halali vizuri, hataki mtoto wake apite shambani, moyo unamwenda mbio akisikia tawi limekatika, akidhani ni tembo. Unauliza dalili tatu au nne, na kile kinachozifanya zipande na kushuka pamoja ndicho unachokiita hofu. Hicho ni kigeu fiche. Imani ya mtu kwa wanaomlinda nayo ni fiche. Nia ya mtu kuacha shamba lake nayo ni fiche. Kuunganisha hofu na nia kwa mshale ni kazi ya kawaida. Ugumu unaanza unapouliza: je, imani inaubana mshale huo? Mwenye imani kubwa na mwenye imani ndogo, wakiogopa sawasawa, je, wote wanasukumwa kuhama kwa nguvu ile ile?

Mimi nilifikiria bomba na koki. Hofu ni maji, kuhama ni ndoo, imani ni koki. Swali si kama maji yapo. Swali ni kama kuna koki, na kama kweli inafunga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujumlisha majibu ya hofu, kujumlisha ya imani, na kuzidisha jumla mbili. Mwalimu Salome alicheka mpaka akavua miwani. "Kila jibu lina kosa lake ndani," alisema. "Ukizidisha, na makosa nayo yanazidishana. Koki yako itaonekana dhaifu hata kama inafunga." Kwa hiyo unaacha vitu vibaki fiche. Kila kiashiria unakipunguzia wastani wake, unazidisha cha hofu na mwenzake wa imani, na matokeo ya kuzidisha huko yanakuwa viashiria vya kigeu fiche cha tatu, ambacho ndicho koki. Njia ya pili haizidishi chochote kwa mkono. Programu inashughulika na vigeu fiche moja kwa moja. Ila hiyo haikupi vile vipimo mlivyozoea vya kuonyesha kama modeli imekaa vizuri kwenye data. Unalinganisha modeli yenye koki na isiyo na koki, basi. Mimi nilifanya zote mbili, kila mara. Nilikuwa naogopa moja inidanganye.

Kila nilipobonyeza kitufe cha kuendesha modeli, niliondoka chumbani. Ninyi mlidhani naenda kuvuta sigara. Sijawahi kuvuta sigara.

Basi ikaja kazi ya Mikumi. Wasomi wetu wengine walikuwa wamesoma Ulaya ya ng'ambo. Mimi Ulaya ninayoijua ni kile kijiji kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, nami nimefika huko mara nyingi kuliko wao, kila mara nikarudi na vumbi mpaka kwenye masikio. Mradi ulikuwa unatazama vitongoji viwili vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo wanaingia mashambani mahindi yanapokomaa. Kila kitongoji kilikuwa na kikundi cha wanakijiji cha kulinda mazao. Juu ya hicho kulikuwa na gari moja la askari wa wanyamapori, lenye fataki na taa kubwa, lililolinda vitongoji vyote viwili. Vijiji vingine vilikuwa vinalililia.

Swali la mradi lilikuwa wazi. Kama watu wanakiamini kikundi chao, na imani hiyo inaizuia hofu isiwafukuze mashambani, gari linaweza kuondoka. Kama haiwazuii, gari libaki. Yaani koki yangu ndiyo ingeamua gari.

Na kwenye kitongoji kimoja kati ya hivyo viwili aliishi Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu baba yangu, mjane, mwenye ekari moja na nusu ya mahindi na dungu la miti, jukwaa la juu alilolipanda mwenyewe kila msimu kulinda. Sikumwambia mtu yeyote ofisini. Niliogopa wangesema nina upendeleo. Nikamtuma Rehema, kiongozi wa wadadisi wangu, akamhoji kama mtu mwingine yeyote.

Kazi ya kukusanya data ilikwenda kwa adabu zote. Unafika kwa mtendaji, unasaini kitabu cha wageni, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa, na yeye ndiye anayekupeleka nyumba kwa nyumba. Mgeni hazunguki peke yake, hiyo ni heshima, na mimi ni mtu wa heshima. Mwenyekiti wa kitongoji cha Shangazi, Mzee Hamisi, alibeba kigoda chake mwenyewe na kukaa kila nyumba tangu mwanzo wa mahojiano hadi mwisho. Kwenye kitongoji cha pili mwenyekiti alikuwa amekwenda msibani Mvumi kwa wiki nzima, kwa hiyo mtendaji aliwapa wadadisi barua tu, wakaingia wenyewe.

Nilibonyeza kitufe, nikatoka, nikarudi. Koki ilikuwa pale. Wenye imani ndogo, hofu ilikuwa inawasukuma kuacha mashamba kwa nguvu. Wenye imani kubwa, hofu haikuwasukuma popote. Mstari wao ulilala kama mkeka. Njia ya kwanza ilisema hivyo, njia ya pili ikasema hivyo hivyo. Na wenye imani kubwa walikuwa karibu wote kitongoji cha Shangazi. Niliwasilisha matokeo kwenye kikao, nimevaa koti nililonunua Kariakoo. Daktari Eliakimu aliuliza maswali manne, nikayajibu manne. Mwishoni alisema, "Bwana Diploma, umetuweza." Wakapiga makofi. Sitasema uongo: nilirudi nyumbani nikipita kwa mjomba Saidi makusudi, ingawa njia yangu si ile.

Gari likaondolewa kitongoji cha Shangazi; zamu zake za huko zikaenda kijiji kingine.

Siku ya kumi na mbili tangu liondoke nilisikia tembo wameingia, nikachukua baiskeli, nikaiweka juu ya lori la fuso mpaka Mikumi, nikamalizia kwa kukanyaga pedali. Nilikuta watu wamesimama shambani kwa jirani wa Shangazi. Mahindi yalikuwa yamelala. Dungu la jirani lilikuwa chini. Nguzo nne, moja imevunjika katikati na tatu zimeng'olewa na udongo wake. Mwenye shamba alikuwa hai, kwa sababu mke wake alimwita nyumbani kula na akachelewa kurudi. Alikuwa amekaa kwenye tuta, anashika kisigino chake, anakiachia, anakishika tena. Niliitazama ile nguzo iliyovunjika, unene wa paja langu, nikahesabu hatua kutoka pale hadi dungu la Shangazi. Sitawaambia zilikuwa ngapi. Zilikuwa chache.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutazama kazi yenu?"

Alikuwa jikoni, ameketi karibu na moto, na juu yake yananing'inia mahindi ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi. Nikakaa.

"Nasikia gari limeondolewa kwa sababu hatuogopi," alisema. "Nasikia sisi tuna imani sana. Na kwamba kuna mtu Kilosa ameyajua hayo kwa kompyuta."

"Shangazi, si kompyuta. Mlijibu wenyewe. Na wewe ulijibu."

"Nilijibu mbele ya nani?"

Sikuelewa mara moja. Ndiyo, mimi, mwenye koti la Kariakoo.

"Hamisi alikaa pale ulipokaa wewe," alisema. "Kile kikundi cha ulinzi mkubwa wake nani? Hamisi. Yule binti ananiuliza, 'Mama, unakiamini kikundi?' Nimjibu nini? Kesho nikiuguliwa, nani ananiandikia barua ya kwenda hospitali? Ananiuliza tena, 'Mama, unafikiria kuacha shamba?' Nikisema ndiyo mbele ya mwenyekiti, si shamba atapewa mwingine?"

Nilimwomba nimuulize upya maswali yote, sisi wawili tu. Hakusoma, na kile kipimo cha alama moja mpaka tano kwenye karatasi kilikuwa kinamchosha. Akanyoosha mkono, akashusha hindi moja kutoka pale juu ya moto, akapukuchua punje tano, akazipanga kwenye ungo. "Ukiuliza, nitakuwekea. Moja ni hapana kabisa. Tano ni ndiyo kabisa. Lakini hizo ni mbegu, baba, si za kutafuna. Nakukopesha. Utanirudishia."

Nikamuuliza kama moyo unamwenda mbio akisikia tawi. Akaweka tano. Kama anafikiria kuacha shamba. Akaweka nne, akafikiri, akaongeza ya tano. Kama anaamini kikundi kitafika akiita. Aliweka moja, akaisukuma kwangu kwa kidole.

Nilipoomba asipande tena dungu mpaka nitakapolirekebisha jambo hili, alinitazama kama nimemtukana. "Nikishuka, wewe utanilisha? Kwa hiyo diploma?"

Nilirudi Kilosa na punje tano kwenye kichupa cha dawa. Nikatoa madodoso yote kabatini na kusoma ile safu ya pembeni niliyoipigania miaka yote bila kuisoma. Kitongoji cha Shangazi: *M/kiti. M/kiti. M/kiti. M/kiti na mkewe. M/kiti.* Kitongoji cha pili: *Hakuna. Hakuna. Watoto. Hakuna.* Nilikaa na zile karatasi mpaka mama wa chai akaja, akaweka kikombe, akaniangalia usoni na kuondoka bila kuniuliza sukari.

Nikaendesha modeli kwa makundi mawili, waliohojiwa mbele ya mwenyekiti na waliohojiwa peke yao. Viashiria vya imani havikufanya kazi sawa kwenye makundi hayo. Mtu mwenye imani ile ile alitoa jibu la juu zaidi kwa sababu tu ya kigoda kilichokuwa chumbani. Nisingepaswa kuwachanganya kabisa. Nilipowatenganisha, ndani ya kila kundi koki haikuwepo. Mbele ya mwenyekiti kila kitu kilikuwa cha adabu: imani juu, kuhama hapana. Hapo mstari lazima ulale. Koki niliyoiona ilikuwepo kweli, ila haikuwa imani. Ilikuwa Mzee Hamisi.

Kuna hofu ya kukosea, na kuna hofu ya kukiri. Mimi hii ya pili ilinishika miguu. Akilini nilimwona mjomba Saidi, nikaona ofisi nzima ikicheka. Pia niliiona ile nguzo. Nikapiga simu.

Daktari Eliakimu alinisikiliza mpaka mwisho. "Ripoti imeshakwenda juu," alisema.

"Najua."

"Gari limeshapangiwa kijiji kingine."

"Najua, Daktari. Nilikosea."

"Si nilikuambia hii siyo kazi ya diploma?"

"Uliniambia. Lakini na wenye shahada waliipitia, wakapiga makofi."

Kisha akasema, "Kwa maneno siwezi kulirudisha gari. Niletee data. Siku kumi."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hiki ndicho ninachotaka mkirithi. Huwezi kumwambia mwenyekiti wa kitongoji abaki nyumbani. Utakuwa umemvunjia heshima, na hakuna mlango utakaofunguliwa tena. Rehema ndiye aliyeuliza, "Sasa bosi, tumfunge kamba?" Wote wakacheka isipokuwa mimi, kwa sababu alikuwa amenipa wazo. Niliandika Dodoso la Mwenyekiti. Kurasa kumi na nne. Mipaka ya kitongoji, historia yake, visima, njia za tembo tangu alipokuwa kijana, majina ya waliomtangulia. Nilimhoji mimi mwenyewe, kwa heshima zote, kwenye baraza lake, huku wadadisi wakiingia nyumba kwa nyumba na punje za mahindi mifukoni.

Mzee Hamisi alifurahi sana. "Hilo swali la ishirini na saba lirudie," alisema. "Sikulimaliza." Alikuwa na mengi ya kusema ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nililirudia. Mkono wangu uliandika, macho yangu yalikuwa kwenye mahindi, ambayo nywele zake zilikuwa zimeanza kukauka, na tembo wanalijua hilo kuliko bwana shamba. Siku saba nilimhoji yule mzee. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dodoso, nilinyoosha shingo kutazama kama dungu la Shangazi bado limesimama. Siku ya tano sikuliona. Nilikimbia, kalamu mkononi, mwenyekiti akiita nyuma, "Bwana Diploma, hatujamaliza!" Lilikuwepo. Ulikuwa ukungu tu. Shangazi alikuwa chini yake anafunga kamba upya, akaniuliza nakimbizwa na nani.

Data mpya ilisema hofu iko juu, imani iko chini, na mshale wa hofu kwenda kuhama una nguvu ile ile kwa wote. Hakukuwa na koki. Nilijaribu kwa njia ya kuzidisha viashiria, na kwa ile nyingine. Modeli yenye koki haikuwa bora kuliko isiyo nayo. Nilituma zote mbili, pamoja na nakala za ile safu ya pembeni, na ukurasa mmoja wa kueleza kosa langu, wenye jina langu chini.

Gari lilirudi siku mbili baadaye. Kikaoni Daktari Eliakimu alisimama akasema modeli ya kwanza aliipitisha yeye. Hakusema zaidi, na mimi sikumdai. Siku ile hakuna aliyepiga makofi, na hicho ndicho kikao ninachojivunia. Mahindi ya Shangazi yalivunwa. Msimu uliofuata nikastaafu.

Juma lile la kustaafu nililitenga kulipa wote walionikopesha. Fedha sikukopa kwa mtu, na hilo nalo naomba liandikwe. Baiskeli nilimrudishia Mzee Chambo ikiwa na tairi mpya mbili. "Hii bado hai?" aliuliza. "Mimi nilishaizika." Kompyuta niliirudisha kwa Mwalimu Salome, na herufi iliyong'oka nikiwa nimeibandika. Akaifungua, akaibonyeza herufi ile, ikang'oka. "Mfano wa kazi zako," alisema, halafu akanishika mkono na hakuuachia haraka.

Siku ya mwisho nilikwenda Mikumi. Watu wa kitongoji kile walinikopesha majibu yao mara mbili, na hakuna aliyewahi kuwarudishia hata mara moja. Nilianza kwa Mzee Hamisi, peke yake, barazani. Nilimweleza yote bila kuficha. Aligeuza kofia yake mkononi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewanyamazisha?"

"Kigoda chako, mzee. Si wewe."

"Kigoda kinatembea chenyewe?"

Mchana watu walipokusanyika, alifungua mkutano kwa salamu, akanitambulisha, kisha akakinyanyua kigoda chake. "Naenda kutazama mbuzi," alisema, akaondoka. Sote tulijua hana mbuzi. Watu walitazamana. Niliwasomea matokeo na kosa letu la kuwahoji mbele ya kigoda, na nilipomaliza, yule jirani ambaye dungu lake lilivunjwa alisimama na kusema, mbele ya wote, kwamba anaogopa. Kisha mwingine. Walisema mpaka jua likaanza kushuka.

Nikamfuata Shangazi jikoni kwake. Nilitoa kichupa, nikamimina punje tano kwenye ungo.

"Zimetimia," alisema.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mnanijua. "Shangazi, na mimi je? Unaniamini punje ngapi?"

Alizikusanya punje zote mkononi. "Wewe si ndiye uliyetuambia leo kwamba mtu haulizwi imani mbele ya anayeaminiwa? Toka kwanza."

Nilitoka. Nilisimama chini ya dungu nimeupa mlango mgongo, na nawaambia kweli, sijawahi kuogopa hivyo nikisubiri jibu. Aliponiita, ungo ulikuwa chini na punje tatu zimepangwa katikati. Mbili alikuwa amezirudisha kwenye mbegu zake.

"Tatu tu, shangazi?"

"Tatu ni nyingi, baba. Hamisi nilimpa moja."